Mwenye Presha ni Mimi

Naandika haya kwa wanawake wanaoshinda wamesimama kazini na mimba zao, na pia kwa wale wanaowagawia wenzao dawa kwa moyo mzuri. Moyo mzuri nao unaweza kuua. Mtanisamehe mwandiko na maneno, shule yangu iliishia ya msingi, lakini hili nimeliona kwa macho yangu.

Mimi na binti yangu tunafanya kazi mahali panapofuliwa mashuka ya nyumba za wageni. Mimi nakunja, yeye anapiga pasi. Juu ya kabati la taulo tuna kopo. Zamani lilikuwa la maziwa ya unga, sasa ndilo duka letu la dawa. Ukibakiza vidonge nyumbani unavileta unavitia humo. Ukiumwa, unazamisha mkono. Majina ya dawa yalishafutika, sisi tunazijua kwa rangi: cheupe kirefu ni cha mgongo, cha njano ni cha tumbo. Mwenye kopo ni mpiga pasi wa siku nyingi kuliko wote, tunamwita Bibi Mvuke, na yeye mwenyewe ana presha ya miaka.

Mimba ya binti yangu ilipokuwa kubwa, kliniki walimpima, wakampumzisha, wakampima tena. Presha iko juu. Wakampa vidonge na kumwambia awe anarudi kila wiki. Wakamwambia pia kwamba kichwa kikiuma na kisitulie, akiona ukungu au vimulimuli, akiumwa chini ya mbavu, uso na mikono vikivimba ghafla, asingoje siku ya kliniki. Akimbie hospitali.

Kesho yake akaingia kazini na kiti kutoka nyumbani.

Msimamizi akakitolea macho. "Hicho cha nini? Umeona wapi mtu anapiga pasi amekaa?"

"Utaniona mimi."

Akaishusha meza ya pasi, akakaa. Wenzake wakaanza: "Jamani, malkia kakalia kiti chake!"

"Malkia gani anayepiga pasi foronya za watu?" akajibu, akacheka nao.

Mimi sikucheka. Macho yangu yalikuwa miguuni kwake. Kila nikipita na mzigo nainama, namminya kwenye kifundo, na kishimo kinabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama, niache. Mimi si embe."

"Nakuangalia tu."

"Angalia kwa macho basi."

Siku moja akaenda kuchukua dawa akaambiwa zimekwisha, ajaribu kituo kingine. Akarudi amenuna. Bibi Mvuke akasikia, akapanda ndoo, akashusha kopo na kutoa vidonge vyake mwenyewe, vya rangi ya waridi.

"Chukua, mjukuu wangu. Presha ni presha. Mimi navimeza sijui mwaka wa ngapi huu, na nimesimama kama nguzo."

Binti yangu akamtazama. "Bibi, na wewe una mimba?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Mimba kwa umri huu!" Bibi Mvuke akasema. "Labda ya mvuke."

"Basi baki na dawa yako. Kliniki wameniambia zipo za presha zinazomdhuru mtoto tumboni. Simezi kitu ambacho sikuandikiwa."

Hapo kicheko kikakatika. Bibi Mvuke akanigeukia. "Mama mtu, mtoto wako kaota pembe. Mfundishe adabu."

"Adabu anayo," nikamwambia. "Asicho nacho ni dawa yake, na tunakwenda kuitafuta sasa hivi."

Tukaipata kituo cha pili. Ila kazini alipata jina jipya, Daktari. "Daktari, nipime!" "Daktari, naruhusiwa kunywa chai?" Bibi Mvuke hakumsalimia tena. Binti yangu akawa anameza vidonge vyake mbele ya watu wote, polepole, kichwa juu, kama anayekula nyama wenzake wakila mboga.

Lakini presha hii haikuhakikishii kitu. Unaweza kumeza dawa kila siku na bado ikapanda. Asubuhi moja nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikageuka. Pasi imelala juu ya shuka, naye ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, naona vimulimuli."

"Njaa hiyo," Bibi Mvuke akasema kutoka kwenye meza yake. "Mpeni chai ya sukari."

Msimamizi naye: "Gari la mteja liko mlangoni. Amalizie hili fungu kwanza, ndipo mwende."

Nikachomoa waya wa pasi ukutani. Binti yangu akasimama huku amenishika bega. "Fungu watamalizia wenye kichwa kizima," akasema, tukatoka.

Hospitali tukaonyeshwa benchi na mkia wa foleni. Nilishaanza kukaa, kwa sababu mimi nimelelewa kutii benchi. Yeye hakukaa. Akasema kwa sauti mpaka waliosinzia wakazinduka: "Nina mimba, nina presha, kichwa kinapasuka na macho yameingia ukungu. Nipimeni hapahapa!"

Nesi akaja na kipimo. Akapima, akaita mwenzake. Mara kitanda kikaja kwa mbio. Wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, kile kinachomkamata mama akaanza kurushwarushwa hajitambui. Daktari akasema mtoto atolewe leo, ingawa miezi yake haijatimia.

Nikampigia mkwe wangu. Akasema tusubiri kwanza, mama yake yuko njiani, mambo mazito hayaamuliwi bila wakubwa. Binti yangu akanipokonya simu.

"Mwenye presha ni mimi. Mwambie mama aje, atamkuta mjukuu." Akakata, akaomba kalamu, akatia sahihi.

Nilisimama nje ya mlango wa chumba cha upasuaji nimeuma kanga yangu. Mtoto alitoka mdogo, wa kujaa kwenye viganja viwili, lakini kilio chake kilikuwa cha mtu mzima mwenye madai. Msichana.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo msinichoke. Siku ya kuruhusiwa tulikuwa tumeshafunga begi. Mama mkwe wake ameshambeba mtoto, gari linapiga honi nje. Binti yangu amekaa kitandani, mkono ameunyoosha.

"Sijapimwa leo. Siondoki."

"Mwanangu, umeshajifungua," mama mkwe akasema. "Mzigo umeshautua, presha inatoka wapi tena?"

"Inaweza kupanda hata baada ya kuzaa, nesi kaniambia. Nipimwe kwanza."

"Ubishi gani huu!"

"Ubishi huuhuu ndio uliokupa mjukuu, mama."

Mama mkwe akanitazama mimi, akitegemea nimuunge mkono. Nikaenda kumwita nesi. Akapima. Akapima tena. Ilikuwa juu, juu kuliko jana yake.

"Harudi mtu nyumbani leo," nesi akasema.

Mama mkwe akasogea dirishani na mtoto mkononi. Akachungulia nje, akampigia kelele dereva azime gari.

"Sogea," akamwambia binti yangu, "na mimi nikae."