Mlango wa Kibanda cha Ngurunde

1.
TANGAZO LA NDANI. Kuanzia Jumanne, kifaa cha mnara wa Kilima Ngurunde kitatuma vipimo saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, badala ya kila dakika tano. Sababu: uchakavu wa betri. Aliyependekeza: Tumsifu Mrema, chumba cha uangalizi.

2.
Hesabu ni yangu. Kutuma mara 288 kwa siku kungemaliza betri kabla ya masika kwisha. Mara mbili hakumalizi. Nilihakiki mara tatu.

3.
Vinavyotumwa:
volti za betri
joto la kibanda cha mitambo
nguvu ya mawimbi
mlango (wazi au umefungwa, kwa dakika ile ya kutuma)

4.
Msomaji, mnara huu hupitisha simu za wilaya mbili. Chini yake simu haishiki. Mlinzi, Mzee Mughwai, ana miaka sitini na mmoja, ana kisukari, na yuko peke yake. Gari la maji humfikia kila baada ya wiki mbili.

5.
Siku nilipokwenda mnarani kukifunga kifaa hiki, mzee alisema, "Mwanangu, kila saa mbili asubuhi nitafungua mlango huu, nihesabu mpaka mia nne, nifunge. Ukiona, ujue nimeamka. Usipoona, lete gari."

Mia tatu ni dakika tano, alieleza. Mia inayobaki ni ya uzee.

Miaka miwili. Saa mbili na dakika tano: wazi. Mimi, mbele ya skrini: shikamoo.

Hakuna safu ya kuandika hilo.

6.
(Mughwai)
Kifaa kina taa ya kijani. Ikiwaka, kule wamepokea. Huwa naiambia marahaba.
Leo Jumanne nimefungua, nimehesabu mia nne. Haikuwaka. Nimehesabu tena.
Binti ameacha kazi, au…

7.
Jumatano, Kibwana wa meza ya pili aliniita Mama Betri, akadai chai kwa kuwa mkuu amenisifu. Saa mbili na dakika tano nilitazama skrini.

Umefungwa.

Kilikuwa kipimo cha saa kumi na mbili.

8.
Ombi la kurudisha dakika tano: LIMEKATALIWA. Vipimo vyote vya utendaji viko sawa.

9.
Jumatano jioni: wazi.
Alhamisi asubuhi: wazi. Joto la kibanda, nyuzi 13.
Alhamisi jioni: wazi.

10.
Nimemweleza Kibwana habari ya mlango. Anasema huenda mzee ameona taa ikiwaka jioni, akaelewa, sasa anauacha mlango wazi asipitwe. "Huyo ametuzidi akili, dada."

Inawezekana.

Inawezekana pia mtu akaanguka kizingitini, na mlango ukakosa pa kufungia.

Kipimo ni kilekile.

11.
FOMU YA KUOMBA GARI
Kituo: Kilima Ngurunde
Umbali: kilomita 212
Hitilafu iliyoonekana: hakuna
Atakayesafiri: T. Mrema
Sababu ya safari: kumwamkia mlinzi