Nguzo Zilizovuliwa Lipu

Ukiziba ufa, utajenga ukuta. Na ukiuziba vizuri sana, utaujenga juu ya vichwa vya watu. Hivyo ndivyo alivyokuja kuamini Kioo, ingawa asubuhi ile, alipoingia kwenye jengo la kaka yake na karai la saruji, alikuwa bado mtu wa methali ya zamani.

Walimwita Kioo kwa sababu ya kuta zake. Mafundi wengine wa lipu walisawazisha ukuta. Yeye aliulainisha mpaka mwanga wa dirishani ukawa unateleza juu yake. Jengo lile la ghorofa nne lilikuwa fahari ya ndugu wawili: kaka alilisimamisha, dada akalivika nguo.

Juma lililopita ardhi ilitikisika kama mtu anayekung'uta mkeka. Jengo halikuanguka, na huko kutoanguka ndiko kulikoleta mzozo wote. Wapangaji walikuwa wakilala uani chini ya maturubai, na pamoja nao mama yake Kioo, ajuza mwenye magoti mabovu, aliyeuliza kila kukicha kama nyumba imepata nafuu, utadhani imelazwa kwa homa. Alasiri angekuja mhandisi wa kukagua. Akipaka alama ya kijani mlangoni, watu wangerudi vyumbani mwao. Akipaka nyekundu, jengo lingefungwa.

Kaka hakumung'unya maneno. Nyufa zote zizibwe na zipakwe rangi kabla mgeni hajafika. Si udanganyifu, alisema. Hata mtu wa kawaida hapokei mgeni kabla hajachana nywele. Kioo alicheka, akapanda ngazi.

Ghorofani kuta zilitisha kuziangalia. Nyufa zilitoka pembe hadi pembe, zikakatana katikati, nyingine pana kiasi cha kumeza kidole. Mpangaji mmoja, mshona nguo mwenye ulimi wa wembe, alikuwa amepanda mbiombio kuchukua mkasi wake. Alimkuta Kioo akikoroga saruji, akatikisa kichwa.

"Kaka yako huyo, angeweza kulipaka rangi hata tetemeko lenyewe."

"Angenituma mimi," Kioo alijibu. "Yeye rangi humchafua."

Walicheka wote wawili, lakini mshona nguo alicheka huku akishuka.

Kioo alipomaliza za juu alirudi chini, kwenye duka la samani. Mwaka juzi kaka aliziondoa kuta za huku chini ili aweke vioo, wapita njia wavutwe na makabati na vitanda. Nguzo zikabaki peke yake, zimebeba ghorofa zote juu ya mabega. Moja, ile ya pembeni nyuma ya makabati, ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Kaka alikuwa amemwambia hiyo asihangaike nayo, apitishe mkono tu.

Lakini fundi wa lipu hapaki juu ya kitu ambacho hajakisikiliza. Hugonga kwanza kwa mpini wa mwiko. Sauti ikiwa kavu, lipu imeshika. Ikiwa tupu, imeachia. Kioo aligonga, nguzo ikalia tupu. Aliona kama ametukanwa, maana kazi ile ilikuwa yake. Akaingiza patasi kwenye mstari, akabinya kidogo.

Lipu ilitoka bamba zima, na nyuma yake zege likamwagika miguuni pake. Halikuwa zege tena. Lilikuwa kokoto na vumbi. Ndani, nondo zilikuwa zimepinda kwa nje kama magoti ya mpagazi aliyezidiwa na gunia, na pete zilizozifunga zimeachama. Katikati yake, mahali ambapo pangepaswa kuwa na zege gumu, Kioo aliona mwanga wa barabarani.

Kuta za juu zilikuwa zimepiga kelele, na kila mtu akazihurumia. Nguzo ilivunjika mfupa ikanyamaza. Na iliwezaje kunyamaza? Kwa sababu yeye aliivika vizuri. Hesabu za uzito hakuzijua, hizo za mhandisi. Lakini kazi ya mkono wake aliijua: angepitisha mwiko mara mbili tu, na hakuna jicho ambalo lingegundua. Sifa aliyoitafuta maisha yake yote ilikuwa mbele yake, naye akaweka mwiko chini.

Kaka aliingia akakuta vumbi. Alichungulia ndani ya nguzo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Ziba, mdogo wangu."

"Umeona lakini?"

"Nimeona. Mhandisi apite, Mama arudi kitandani kwake, mimi nitaishughulikia polepole."

"Na hiyo polepole, Mama ataisubiri akiwa juu yake?"

Kaka alimtazama dada yake kama anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani.

Kioo akatoka nje. Aliwaambia wapangaji wavute maturubai yao mbali, wamhamishe na mama. Kisha, akiwa upande wa barabara, alizigonga nguzo moja baada ya nyingine, na kila iliyolia tupu aliivua lipu taratibu, kama anayefungua kidonda cha mgonjwa. Watu wakasimama kutazama. Mshona nguo, aliyekuwa amekusudia kupanda tena kufuata cherehani, aliziona nondo, akakaa chini.

Mhandisi alipofika hakugusa hata ngazi. Alizunguka jengo mara moja, akatikisa kopo la rangi nyekundu.

Baadaye kaka alikaa juu ya tofali, mgongo kwao. Kioo alitamani kwenda kukaa karibu naye. Alijua jengo lile lilikuwa ujana wote wa kaka yake. Alijua pia kwamba akimsogelea sasa, angemkuta akilia, na hilo kaka asingelisahau. Akabaki akisuuza mwiko.

"Umemvua kaka yako nguo hadharani," mama alisema. "Ungeweza kumnong'oneza mhandisi."

"Ningemnong'oneza, kaka angenizidi maneno. Nondo hakuna wa kuzizidi maneno."

"Sawa. Basi nenda kamwombe radhi, yaishe. Ni neno tu, mwanangu. Halikuvunji mguu."

Kioo alimtazama mama yake: vumbi kwenye nyusi, magoti yamefunikwa khanga, yu hai, mzima kabisa.

"Siombi, Mama."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Hasa kwa ajili yako. Siombi."