Siku Nilimuandikisha Mounira

Bwana Okito alifika kwetu Mikelenge saa tatu ya asubuhi. Alitumwa na shirika ambalo mujukuu wangu Mounira aliliomba kazi ya kufundisha watoto wadogo kule Kalima. Mtihani alikwisha kushinda. Ilibaki kumuchunguza tu: karatasi ya tribinali kwamba hajafungwa, karatasi ya komini, ofisi ya mutaa, kwamba mwenendo wake ni mwema, kisha kuuliza majirani. Wote walimusifu, hata Mama Bernadette ambaye hatusalimiane sababu ya bata wake.

"Hata ule wa bata?" Mounira alininong'oneza mimi bibi yake. "Basi kazi nimepata, koko."

Okito alikaa, akakataa chai, akafuta miwani yake kwa pindo la shati. Kisha akatoa fotokopi.

"Mama Rehema, huyu mutoto munamujua?"

Nilimujua. Shingo nyembamba, nywele nilizomusuka mwenyewe, gauni lenye kifungo kimoja cheupe na vingine vyeusi. Mounira, miaka tisa. Chini ya picha waliandika: mutoto aliyetoka katika kikundi cha silaha. Kazi yake, kubeba risasi. Mukubwa wake, Komanda Zuberi.

Niseme namna ilivyokuwa. Mwaka wa 2004, vita ilipopoa, walifungua kituo karibu na stesheni ya gari ya moshi, cha kuandikisha watoto waliotoka porini na bunduki. Aliyeandikishwa alipewa godoro, sahani mbili, na masomo ya bure mpaka kumaliza. Mounira hakushika bunduki hata siku moja. Mama yake alikufa kwa kipindupindu wakati muji ulipozungukwa, na mimi nilikuwa ninauza sombe, majani ya muhogo. Sikuwa peke yangu. Nusu ya watoto waliopanga mulongo pale kituoni walitoka jikoni kwa mama zao. Siku tatu nilimufundisha Mounira majibu. Ulibeba nini? Risasi. Mukubwa wako nani? Nilimupatia jina la Zuberi kwa sababu muji wote ulimuogopa. Nilifikiri jina kubwa litaaminika.

Okito alimugeukia Mounira. "Kwenye fomu yetu uliandika haujakuwa na kikundi cha silaha."

"Sijakuwa nacho."

"Na hii picha?"

"Ndiyo, njo mimi."

"Basi, dada, karatasi moja inadanganya."

Mounira aliniangalia.

"Uongo ni wangu," nilisema. "Andika. Mutoto alirudilia tu maneno nilimupatia."

Nilimueleza yote, mpaka vifungo vya gauni. Aliandika polepole, akanisomea, nikatia kidole kwenye wino, nikapiga alama.

"Kazi atapata?"

"Siwezi kuwadanganya, mama. Muntu iko kwenye ile liste ya watoto wa bunduki, hawamupeleke kwa watoto. Nitawapa maneno yenu, lakini musingojee." Alisimama, akakaa tena. "Iko jambo lingine. Zuberi alishikwa. Watamuhukumu mwezi unaokuja, na wale waliokuwa chini yake njo wataitwa mashahidi."

"Mimi sikumuona hata siku moja!" Mounira alisema.

"Zuberi anajua hivyo? Alikuwa na watoto wengi, atakumbuka sura zote?" Okito alishusha sauti. "Nilipoomba hii karatasi kwenye ofisi inayochunga ile liste, waliniambia mimi ni wa pili juma hili kuulizia jina lako. Wa kwanza alikuja na pikipiki bila nambari. Aliomba adresi yako ya sasa."

"Wakamupa?" niliuliza.

"Walimupa. Alisema anakuchunguza sababu ya kazi. Kama mimi."

Kabla ya adhuhuri nilifunga nguo za Mounira katika kitenge, nikamupakiza kwenye lori la Lubutu, kwa shangazi yake. Alilia sababu ya kazi. Nilimuambia anyamaze, afunike uso.

Siku ya tatu pikipiki ilisimama mbele ya mulango wetu. Muntu wake hakuzima moteri. Alivua kofia, akaniita kwa jina langu, kwa heshima sana, akasema ameleta habari njema ya kazi ya Mounira, na je, yeye yuko wapi?