Lambo Safi

Silvana alizamisha kata lamboni, akaitoa, akamwaga. Akasogea mbali kidogo na ukingo, akachota tena, akamwaga tena. Maji yalikuwa mekundu na mazito kama uji wa ulezi, na hata angeingia mpaka kiunoni yasingekuwa mengine. Wenzake walijaza ndoo zao hayo hayo. Wangemlaumu nani? Kazi waliifanya wenyewe, kwa majembe yao.

Jana yake walikuwa wamelisafisha hilo lambo. Mgeni alikuwa anakuja kutoka mkoani kutazama maendeleo ya kijiji, na Ndugu Lutengano, katibu kata, alimwagiza Silvana, mjumbe wa nyumba kumi, awatoe wanawake wote. Neno lake lilikuwa moja tu: lambo liwe safi. Sasa huku Ufipa, ukimwambia mwanamke uwanja uwe safi, atakwangua kwa jembe mpaka udongo mtupu, nyoka akose pa kujificha. Ndivyo walivyofunzwa na mama zao. Basi wakaukwangua ukoka wote wa tuta linalozuia maji, ule ule bwana shamba aliowapandisha kipande kwa kipande lambo lilipochimbwa ili ushike udongo, kisha wakamalizia na kingo pande zote. Bwana shamba angekuwepo angepiga kelele, lakini alishahamishiwa Kipili na badala yake hakuletwa mtu. Lutengano alipita mchana, akaona tuta jekundu linang'aa, akasifu. Alasiri mvua ikashuka, na nusu ya tuta ikashuka nayo lamboni.

Kule mlimani walikotoka kulikuwa na chemchemi. Mwaka juzi malori yaliwashusha huku, wakaambiwa kuna barabara na maji ya bomba yako njiani. Bado yako njiani.

Nyumbani, mkwewe Zita, mke wa mwanawe, alikuwa amempakata mtoto wake aliyekuwa akiharisha tangu Jumapili, macho yamemdidimia. Tabibu wa zahanati alisema apewe maji ya kuchemsha, kidogo kidogo, ila yawe maangavu. Kando ya mafiga lilikuwapo debe moja la maji yaliyotekwa kabla ya mvua. Kila jirani aliyeingia kumjulia mtoto hali alilitupia jicho debe hilo.

Lutengano naye alilitazama alipofika.

"Ndugu Silvana, habari za hapa," alisema. Kwa umri alikuwa sawa na kitinda mimba wa Silvana, lakini tangu apewe kiti cha ukatibu shikamoo ilikuwa imemkauka mdomoni.

Alieleza kwamba mgeni atakula ofisini, na mjumbe ndiye atakayemnawisha. Maji ya kunawa na ya chai yatoke kwenye debe lile.

"Ni ya mtoto, Ndugu Katibu. Unamwona alivyo."

"Mtoto huyu atamaliza debe zima? Mgeni akiona tope atauliza tuta limebomolewa na nani. Hiyo ni hujuma, na jina la kwanza litakuwa lako."

"Wewe ulisema safi."

"Nilisema safi. Sikusema mlichune."

Silvana alikasirika. Alikasirika zaidi kwa kuwa jembe lililoanza kukwangua lilikuwa lake, na alikuwa akiimba. Akasema ataleta maji. Lutengano alipoondoka, Zita akaanza kulia, akidhani debe limekwenda. Silvana alilisukuma debe chini ya kitanda, akalifunika kwa gunia, kisha akajaza jagi kutoka kwenye ndoo ya asubuhi.

Ofisini mgeni alikuwa ameshakaa, mtu mpole mwenye tumbo, anazungumza juu ya juhudi na maarifa. Mbele yake palikuwa na ugali, kuku na chupa za soda zilizotoka Sumbawanga. Silvana alipiga magoti, akaweka beseni, akamimina. Maji mekundu yakampitia mgeni vidoleni na kuchafua pindo la mkono wa shati.

"Mama, maji gani haya?"

Lutengano alikohoa. Silvana hakumtazama.

"Ya lambo, Ndugu mgeni. Ndiyo tunayokunywa."

Mgeni aliiangalia mikono yake. Akatoa leso, akaifuta kidole kimoja kimoja, akamgeukia katibu.

"Akina mama hawa waelimishwe kuchemsha maji," alisema, akakata tonge.

Viongozi waliokuwa mezani wakaitikia kwamba wataelimishwa.

Silvana alitoka na beseni lake. Lutengano alimfuata mlangoni na kumnong'oneza kwamba ujumbe wake wa nyumba kumi umekwisha, na kesho alfajiri wanawake wote watoke wakapande ukoka. Silvana alimwaga maji yale pale pale kizingitini, akaenda zake nyumbani kumchemshia mtoto.

Wakijibana, debe lingetosha mpaka Jumapili ijayo. Ukoka hauwezi kushika udongo mpaka masika yote yapite.