Difu ya Mlima

...na dizeli nayo inanguruma sana, mzee, anasema kijana, kana kwamba kunguruma ni ugonjwa, anaitwa Nurdin, jina amelibandika kifuani, shati jeupe, kalamu imesimama juu ya fomu, kwa hiyo nikuagizie injini ipi, ya petroli au ya dizeli, na difu je, ile ya mbio au ya mlima, na mimi naitazama kalamu tu, kalamu na kile kiboksi kitupu kinachongoja alama ya vema, huku mke wangu Dominika amekaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani, tangu tumeingia humu hajasema neno zaidi ya kuitikia shikamoo... ya mlima ni ipi, nauliza, ingawa najua, nimeendesha pikapu kati ya Mwika na Kiboriloni miaka kumi na tisa, huyu alikuwa bado ananyonya, lakini naye ananieleza kwa upole mwingi, difu, mzee, ndiyo inayozungusha magurudumu ya nyuma, ile ya mlima gari halikimbii sana ila lina nguvu, unapanda na mzigo wako bila kuhangaika, na kuteremka ndiyo raha yenyewe, unaweka gia namba mbili, injini inalishika gari, breki unagusa tu... injini inalishika gari, ahsante sana, umechelewa miaka mitatu kuniambia, au mimi ndiye niliyechelewa, maana hilo nalo nililijua, nililijua vizuri kuliko yeye na shati lake... ni binti yangu atakayeendesha, namwambia, Victoria, ana leseni tayari, na Nurdin anafurahi, anasema basi dada atapenda ya petroli, nyepesi, imechangamka, na mimi namwona Victoria asubuhi ya leo mlangoni, mikono ina utomvu wa migomba, kahawa tumeing'oa nusu ya kihamba, shamba letu la nyumbani, kwa sababu haina bei tena, sasa ni ndizi, na ndizi zinataka gari, akasema, baba, chukua lolote, ilimradi lisile mafuta... lisile mafuta, kaka yake naye alikuwa na neno hilohilo, Valerian, wala hakuliokota njiani, alilipata kwangu, mimi niliyeendesha miaka ile ya foleni, petroli kwa kibali, unalala kituoni na dumu lako na asubuhi unaambiwa imekwisha, hapo ndipo nilipojifunza kwamba kutoka Marangu Mtoni hadi Himo mlima wenyewe unakushusha bure, unatoa gia, unaweka fri, injini inatulia, gari linateleza peke yake na mikungu yake, madereva wote wa mlimani tulifanya hivyo na tulijiona wajanja, na Dominika siku za soko alikaa kushoto kwangu, injini ikinyamaza tu anashika dashibodi kwa mikono miwili, Baba Valeri, kelele ya gari imekwenda wapi, nami nacheka, namwambia linakula hewa, mama, leo linakula hewa... mzee, kuna watu wa mpunga kule Chekereni wamechukua ya mbio, anasema Nurdin, lakini kule ni tambarare, na mimi naitikia, ndiyo, kule ni tambarare, kule mtoto akikosea anaingia kwenye jaruba anatoka na matope, basi... mkono wa Valerian ulikuwa chini ya mkono wangu, juu ya gia, alikuwa na miaka kumi na saba, jasho kiganjani, nikamwambia sasa toa, usiogope, toa, sikia lilivyo kimya, na akacheka, Mungu wangu, alicheka, na mafuta yalikuwa tele wakati huo, hilo ndilo linaloniua, vituo vimefunguliwa kila njia panda, hakuna kibali, hakuna foleni, shida ilikwisha zamani na mimi nikamrithisha mwanangu ubahili wa shida... mikungu sitini, siku ya soko, kona ya tatu chini ya Marangu, gari likaingia korongoni na mwanangu ndani, na watu wakasema breki, trafiki akaandika breki, padri akasema breki katika mahubiri ya msiba, nami nikasimama kando ya kaburi pale kihambani nikasema ndiyo, breki, gari lilikuwa limechoka, mimi mwenyewe nikawaeleza watu habari ya breki kwa kirefu, na fundi Sirili peke yake, aliyekwenda kulivuta gari, akaniita nyuma ya mgomba, Baba Valeri, gia ilikuwa fri, nikamwambia ilitoka kwa kishindo, akanitazama, akasema labda, na hajalirudia tena hata akilewa mbege... Valerian alihitaji kitu kimoja tu, namba mbili, na ile difu yetu ya zamani ilikuwa ya mlima, kijana, unasikia, ilikuwa hiyohiyo unayoniuzia... pale kaburini tumepanda masale, na mara ngapi nimesimama nikashika jani moja nikitaka kulikata nimpelekee Dominika, maana kwetu ukimpelekea mtu jani la isale hawezi kukunyima msamaha, hata kama umemuua mtoto wake hawezi, na ndiyo sababu nimeliacha kila mara, namwonea aibu, namkabaje mama kwa jani, namwambiaje nisamehe na jani halimruhusu kukataa, kwa hiyo nimenyamaza, nikauza ng'ombe wawili nikaja mjini kununua difu, nikidhani iko difu itakayonisemea, itakayomshika Victoria kwenye kona ya tatu bila mimi kufungua mdomo... mwanangu, anasema Dominika, nami nashtuka, sauti yake imekauka kwa kukaa kimya, hasemi nami, anamwambia Nurdin, mwanangu, na mtu akitoa gia pale mteremkoni, hilo gari linashikwa na nini, na Nurdin anacheka kidogo, hapo mama ni breki peke yake, na ukiwa na mzigo zitachemka zitakataa, lakini nani atatoa gia mteremkoni, mama, labda awe hajafundishwa, na Dominika anasema, au awe amefundishwa... amesema kwa upole, hakunitazama, anafunga zipu ya mkoba ambayo ilikuwa imefungwa, na mimi namsikia tena, kelele ya gari imekwenda wapi, Baba Valeri, alijua, hakuhitaji Sirili wala trafiki, alikuwa amekaa kushoto kwangu miaka yote ile akiusikia ukimya ule, alijua wakati nikihubiri breki mbele ya waombolezaji, akajua na kunipakulia mtori jioni ile, na kila jioni, miaka mitatu, akakaa mkabala nami akinitazama nikila, na sijui kama alinisamehe au alichoka tu, na jani langu la isale sasa la nini, unampelekea nini mtu ambaye amekungoja mpaka amechoka kungoja... na Victoria alikaa kushoto kwa kaka yake mara ngapi, naye anaujua ukimya ule, atakuwa anaupenda, atakuwa anadhani ndiyo udereva, nikimpa ya mlima, nikimpa ya mbio, nikimpa ya dizeli inayonguruma mpaka Himo wasikie, akifika pale chini ya Marangu mkono wake utakwenda kwenye gia, na hakuna difu duniani inayoshika gari lililotolewa gia, hakuna, nimekuja kununua kitu kisichouzwa, ni maneno mawili ya kumwambia binti yangu mezani, mama yake akisikia, ni mimi, mimi ndiye niliyemfundisha... mzee, anasema Nurdin, niandike ipi, na kalamu bado iko palepale, kiboksi bado kitupu, Dominika amegeuka sasa, ananitazama usoni, ananingoja, na si habari ya difu anayoingoja, na mimi nafungua mdomo, nasikia sauti yangu inasema, ile ya mlima, kijana, hebu nieleze tena.