Uso wa Siwema Juu ya Dirisha

Nalala mchana juu ya jukwaa la ujenzi, nusu ya mkate mkononi, nimemwegemea mwanamke wa jiwe asiye na uso. Ni mungu wa kike wa kale, kabeba pembe iliyojaa zabibu, kawekwa juu ya dirisha la nyumba moja ya kando ya mfereji hapa Leiden. Mvua ya miaka mia tatu imemla macho, pua na mdomo. Sheria ya kazi yetu ya kukarabati sanamu ni kwamba ua lililomong'onyoka unalichonga upya, lakini uso uliofutika huubuni, unauacha ulivyo. Nafumba macho, na jiwe mgongoni mwangu linasogea. Twende, fundi, anasema yule mwanamke, na tayari tunatembea, barabara haina mwisho, mfereji katikati, nyumba huku na nyumba zile zile kichwa chini majini, simba wa jiwe, mashada ya jiwe, wazee wa jiwe wanaobeba roshani mabegani, na kila mmoja ananipa kisogo. Nahisi upweke, kusema kweli. Miaka sita katika nchi hii na hata sanamu hazinisalimu. Tunakwenda wapi? namuuliza. Kwa yule unayemsahau, ananijibu. Nanywea, maana ni kweli. Siwema, mke wangu, alifariki Tanga mimi nikiwa huku, hakukubali kupigwa picha hata siku moja, na kila nikiamka nimeshapoteza kitu chake, juzi nyusi, jana kidevu. Barabara inazunguka, inaturudisha pale pale tulipoanzia, na dirishani amekaa Siwema anachambua mchele, mzima, hana hata mafua, na lile pengo lake la meno ya mbele. Baba Rukia, mbona umekonda hivyo, ananiambia, huko hawapiki? Nacheka huku nalia. Kaa hivyo hivyo, namwambia, usitikisike, nikuchonge usinipotee tena. Yule asiye na uso ananionya: nikipewa uso sirudishi, na wewe hutabaki nao hata kichwani. Simwelewi, au sitaki kumwelewa. Nashika patasi, nachonga kwa pupa, na kila pigo jiwe linapata na Siwema anapungua, mpaka inabaki sauti yake tu. Inatosha, baba Rukia, acha. Siachi.

Hendrik, fundi mwenzangu, ananitikisa bega. Vumbi jeupe limenijaa mapajani. Anatazama juu ya kichwa changu, kisha ananiuliza kwa upole, huyu ni nani? Nageuka. Jiwe lina uso, wa mwanamke anayekaribia kusema kitu. Mzuri sana. Namtazama mpaka shingo inauma, nikingoja kuamka. Simjui, namwambia Hendrik.