Pindo Saba za Peninah

Nikiongeza hapa hata neno moja la uongo, ajon yangu ya kesho, pombe yetu ya ulezi, igeuke maji ndani ya mrija. Mambo haya yalitokea Busia, upande wa Uganda, Alhamisi moja ya mwaka jana, mchana kweupe. Ukuta wenyewe upo hatua mia mbili kutoka geti la mpaka. Nenda ukaukwaruze kwa kucha.

Acom alikuwa juu ya ngazi tangu saa moja asubuhi. Kazi yake ni kuchora mabango ya saluni, maduka ya dawa na bucha, na mkono anao: ng'ombe aliyemchora Malaba alibwekewa na mbwa siku tatu mfululizo. Lakini rangi ilikuwa imepanda bei kwa mara ya pili mwezi huo, ikabidi aichanganye na chokaa ili ifike mwisho wa ukuta, na ukuta ulikuwa mrefu. Ulikuwa wa Fidel, Mkenya mwenye ukumbi wa gemu, anayekodisha viti na skrini kwa vijana wanaosubiri malori yao yapite. Alikuwa amemwahidi Acom kwamba akimaliza huu vizuri, atampa na ule wa ukumbi wa Tororo. Acom hakuwa na kazi nyingine mbele yake mwezi mzima.

Picha ya kunakili ilikuwa kwenye simu ya Fidel. Mashujaa sita. Watano walikuwa wanaume, wamevaa chuma kuanzia ukucha hadi pua, hata sindano isingepata pa kupenya. Wa sita alikuwa mwanamke. Huyo alipewa chuma cha kufunika mahali pawili, kila kimoja kama kifuniko cha sufuria ya chai, na kingine chini kisichofika popote. Tumbo wazi. Mapaja wazi. Viatu vyake vilikuwa na visigino vya kwendea harusini, na huyo ndiye alikuwa akielekea vitani dhidi ya joka. Aliyemchora hajawahi hata kukatiza shamba la mihogo na miguu mitupu.

Acom alimchora hivyohivyo, kwa sababu mwenye ukuta ndiye mwenye amri. Kilichomshinda ni uso. Ule wa kwenye simu ulikuwa wa mwanasesere, midomo imebenuka kama ya mtu aliyelamba pilipili. Mkono ukakataa. Ukatafuta uso mwingine wa mwanamke asiyeogopa, ukaupata bila kumwomba mtu ruhusa: nyusi nzito, kovu dogo juu ya jicho la kushoto, taya la mtu asiyerudishiwa chenji pungufu. Ulikuwa uso wa Peninah.

Kila mtu pale getini anamjua Peninah. Ni Msamia wa ng'ambo, upande wa Kenya, muuza vitenge. Hununua upande huu kwa bei ya chini, huvivaa vyote mwilini, kimoja juu ya kingine, kisha huvuka kwa miguu. Nguo iliyovaliwa haitozwi ushuru. Akina mama wote wa vitenge hufanya hivyo: asubuhi huja wembamba, alasiri hurudi wanene. Na mtaji wote wa Peninah ni kile alichokivaa siku hiyo.

Kufika saa tatu, waendesha boda walikuwa wameshautambua uso. Peninah alipopita akielekea sokoni, walimpigia honi, wakamuuliza kama hivyo vifuniko vya sufuria anauza rejareja au jumla. Mmoja akamwomba ageuke waone nyuma. Peninah akatazama kule walikokuwa wanaonyesha, akaenda hadi chini ya ngazi.

"Shuka, Acom."

Acom akashuka.

"Huyu ni mimi?"

"Ni sura tu, mama. Mwili ni ya gemu."

"Na hawa wanaocheka wanajua sura inaishia wapi na gemu inaanzia wapi?"

Acom alijaribu kueleza kwamba alitaka kumpa heshima. Peninah akamwambia ana miaka hamsini na mmoja, anaongoza kwaya ya kina mama, na heshima ya namna hiyo ampelekee mama yake mwenyewe. "Narudi saa tisa na mzigo. Nikikuta bado niko uchi, hiyo ngazi utaila."

Fidel alikuwa anapanda pikipiki kwenda Tororo kutafuta spea ya jenereta. Acom akamkimbilia, akamwomba amvalishe yule mwanamke.

"Wee! Ukimvalisha, nani atasimama? Wasee hawatalipa kuona mama wa kwaya."

"Lakini wanaume yako umevalisha mpaka pua."

"Hao wanapigana."

"Na yeye?"

"Yeye anapendeza," akasema Fidel, akaondoka.

Acom alikaa kwenye kopo la rangi, akautazama ukuta. Kisha akapanda ngazi, akaanza kumvalisha. Deraya za chuma alikuwa hajawahi kuziona kwa macho. Vazi la vita alilolijua ni moja tu, lile lililokuwa likimpitisha mwanamke getini kila siku ya Mungu. Akamchora na vitenge saba. Kila kimoja akakipa maua yake, na kila upindo akauacha uchungulie kidole kimoja chini ya mwenzake, safu kwa safu, kama mabati juu ya paa. Vile visigino akavizamisha ndani ya gambuti. Upanga akamwachia.

Kazi ilipendeza, wacha niseme haki. Vijana wa boda waliacha kupiga honi. Akina mama wa nyanya walikuja kutazama, wakapiga vigelegele. Kwenye benchi la mchaji simu, ng'ambo ya barabara, palikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli, hana kazi ila maneno, akaona ni raha kuzihesabu pindo kwa sauti mbele ya umati. Moja, mbili, tatu, hadi saba. Akasema huyu akichomwa mkuki leo Busia, ncha itatokea Tororo mwezi ujao. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Miongoni mwao alikuwamo Trevor, mkaguzi wa mizigo wa ng'ambo, anayevuka kila saa saba kuja kula samaki wa bei nafuu. Yeye hakucheka. Alimsikiliza yule mzee, akazifuata pindo kwa kijiti cha meno, moja moja, kisha akatoa simu akapiga picha. Acom alimwona. Akadhani amependezwa, akasogeza ngazi pembeni ili asimzibe.

Saa tisa Peninah alirudi, amenenepa. Akasimama mbele ya ukuta. Akavuta upindo wake wa juu ukae sawa na ule wa ukutani, akamtikisia Acom kichwa, akaelekea getini, kidevu juu.

Trevor alikuwa anamngoja, simu mkononi. Alimwambia kitenge kimoja ni nguo, saba ni shehena. Akamtaka aanze kufungua, huku mwenyewe akihesabu na kulinganisha na picha.

Acom alisikia zile honi kutoka kwenye ngazi. Alipofika mbio, Peninah alikuwa kwenye cha sita, mbele ya foleni ya malori, na wanaume walewale wa asubuhi walikuwa wamesimama juu ya pikipiki zao waone vizuri. Cha saba kikaondoka, na vyote vikabaki kwa Trevor. Akabaki na shimizi. Nyuma yake walijipanga akina mama kumi na mmoja, wote wanene, wakingoja zamu yao.

Peninah alipita karibu na Acom, mikono kifuani.

"Ulinivalisha vizuri," akasema. "Vizuri kupita kiasi."

Acom akarudi ukutani. Alichovya brashi kubwa kwenye rangi nyeusi, akazifuta pindo zote, akamwekea vazi moja la chuma kutoka shingoni hadi ardhini, lisilo na tabaka wala mshono. Halafu akaufunika uso kwa kofia ya chuma kama za wanaume, akaacha macho tu. Fidel alipofika na spea yake aliuliza ni mwanamke gani huyo asiyeonekana chochote. Acom akamwambia ni yule anayepigana. Akafukuzwa bila hata soda, na ukuta wa Tororo ukaenda kwa fundi mwingine.

Jumamosi moja, miezi michache iliyopita, nilikuwa naisimulia hii kwenye chungu cha ajon, na Peninah mwenyewe akawa ameketi nyuma yangu. Aliniacha nimalize.

"Na yule mzee wa benchi," akauliza, "aliyemhesabia Trevor, hana jina?"

Mirija yote ikatoka midomoni. Nikasema wazee wa reli ni wengi.

"Wenye kofia hiyo?" akauliza, akiinyooshea kidole kofia yangu ya reli.

Basi sasa kila Alhamisi navuka geti na vitenge vyake vinne vimezungushwa tumboni, chini ya koti langu la reli. Peninah ndiye anayenifunga, na anakaza. Trevor husema, "Naona uzee umekukubali, mzee, umenawiri." Kisha hunipigia saluti.